Mchele wako ukiwa botini, jihadhari na pantoni na meli

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa Madibira si mgeni wa maji. Skimu yake ya hekta zipatazo 3,000 wilayani Mbarali inanyweshwa na mto Ndembera, na kila mwanachama anajua jinsi zamu ya mfereji inavyoweza kugombanisha majirani. Lakini maji ya Ndembera hayana meli. Hakuna pantoni inayokatiza majaruba, wala nahodha anayepiga honi usiku akitaka mkulima ampishe.

Hata hivyo, mpunga ukishavunwa na kukobolewa, safari yake ni ndefu. Upo mchele unaopitia Rujewa au Mafinga kuelekea Dar es Salaam, ukauzwa Tandale na Tandika, na mwingine ukavuka bahari hadi Zanzibar. Upo pia unaoshuka Tukuyu hadi Kyela, ukapakiwa kwenda vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa ambako barabara ni mbaya au haipo kabisa. Hapo ndipo mzigo unapotoka kwenye Fuso na kuingia kwenye boti ya mbao, mashua au jahazi. Na hapo ndipo mwenye mzigo, ambaye pengine hajawahi kushika kasia, anapojikuta ameketi juu ya magunia yake huku chuma kikubwa kama jengo la ghorofa kikimjia.

Tufanye hesabu kidogo ili tujue tunazungumzia nini. Boti ya kubeba magunia 40 ya kilo 100 ina tani nne za mchele. Mpunga ukikobolewa hutoa mchele kiasi cha theluthi mbili hivi ya uzito wake. Kwa hiyo tani nne za mchele zimetokana na tani sita hivi za mpunga. Hayo ni mavuno mazuri ya hekta moja, na hekta moja ndilo eneo la wakulima wengi wa skimu ya Madibira. Kwa maneno mengine, boti moja ndogo inaweza kuwa imebeba mwaka mzima wa familia moja: mbolea, palizi, ada ya maji, karo za watoto na deni la saccos. Ikipinduka, hakuna cha kuokota. Gunia la mchele halielei.

Jambo jingine la kukumbuka ni msimu. Mchele mpya huingia sokoni kwa wingi kuanzia Mei na Juni. Miezi hiyohiyo upepo wa kusi huwa umeshika kasi baharini, na Ziwa Nyasa hupigwa na mwera. Yaani wakati mkulima ana mzigo mwingi zaidi ndio wakati maji yana hasira zaidi. Ndiyo maana tumeona vema wiki hii tuzungumzie namna ya kupita salama na chombo kidogo mahali penye vivuko na meli kubwa.

Meli haiwezi kukukwepa

Kosa la kwanza la watu wa vyombo vidogo ni kudhani kwamba nahodha wa meli amewaona, na kwamba akitaka atasimama au kukwepa. Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini anao mfano mzuri wa kumsaidia kuelewa. Fikiria lori lenye trela, limejaa shehena, linateremka Kitonga. Mwendesha baiskeli anayekatiza mbele yake hawezi kujitetea kwamba dereva alipaswa kufunga breki. Breki zipo, lakini uzito haukubali.

Meli haina hata breki. Ili isimame inabidi izime mwendo wa mbele na kuzungusha panga lake kinyumenyume, na meli kubwa yenye shehena inaweza kwenda kilomita nzima na zaidi kabla ya kutulia. Ikigeuza usukani nayo haigeuki papo hapo. Omo inaanza kuelekea upande mmoja wakati tezi inafagia upande mwingine, na anayeponea mbele anaweza kupigwa na nyuma.

Kuna suala la kuonekana pia. Katika meli nyingi za mizigo chumba cha nahodha kiko nyuma, na mbele yake kuna makontena au kreni. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinaruhusu eneo lisiloonekana mbele ya omo kufikia urefu wa meli mara mbili au mita 500, kutegemea kipi ni kidogo. Maana yake ni kwamba ukiwa umbali wa viwanja vinne vya mpira mbele ya meli kubwa, inawezekana nahodha hakuoni kabisa, hata mchana kweupe.

Wengine hujifariji kwamba meli ina rada. Rada inaona chuma vizuri, lakini mbao, tanga na mwili wa binadamu haizioni vizuri. Katika bahari yenye mawimbi, mtumbwi au mashua huweza kupotea kwenye kioo cha rada kama punje ya mchele kwenye pumba. Na hata vyombo viwili vikubwa vinavyoonana hugongana. Mei 2005, meli mbili za kubeba mabehewa za Uganda, MV Kabalega na MV Kaawa, ziligongana katika Ziwa Victoria na Kabalega ikazama. Ikiwa hayo yaliwakuta wakubwa, mwenye boti ya magunia 40 atakuwaje?

Nusu ya sheria ni hatari

Manahodha wengi wa majahazi na mashua wanajua kanuni moja waliyorithi kwa wazee: chombo cha injini humpisha mwenye tanga. Kanuni hiyo ni ya kweli. Imo katika Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika mwaka 1977. Tatizo ni kwamba hiyo ni nusu tu ya sheria, na nusu ya pili ndiyo inayookoa maisha.

Nusu ya pili inasema hivi: katika mkondo mwembamba, chombo chenye urefu usiofika mita 20, au chombo chochote cha tanga, hakiruhusiwi kuizuia meli ambayo haiwezi kupita salama nje ya mkondo huo. Sababu yake ni rahisi. Mashua inaelea penye kina cha kiunoni, lakini meli kubwa ikitoka nje ya maboya inakwama. Wewe una nafasi ya kupita, yeye hana. Kwa hiyo kwenye mlango wa bandari haki ya tanga haipo. Ni wajibu wako kuondoka njiani.

Kanuni nyingine za kushika ni chache na hazina ugumu. Vyombo viwili vya injini vikikutana uso kwa uso, kila kimoja hukata kulia. Vikikatizana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha. Anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye anayejihadhari, awe na tanga au injini. Na ndani ya mkondo kila chombo hukaa upande wake wa kulia. Hapa dereva wa Fuso aliyenunua boti aangalie sana, kwa sababu barabarani Tanzania tumezoea kupita kushoto. Majini ni kinyume chake.

Utajuaje kama mtagongana?

Watu wengi huangalia meli ikiwa mbali na kusema, "Nitawahi." Macho yanadanganya. Chombo kikubwa huonekana kama kinatambaa, kumbe kinakwenda kasi. Mabaharia wana kipimo ambacho hakihitaji mashine wala shule.

Keti mahali pamoja ndani ya boti na usisogee. Mwambie mshika usukani aende moja kwa moja bila kuyumba. Itazame meli kwa kuipanga na kitu kilichosimama botini, kama mlingoti au nguzo ya turubai. Subiri kidogo, kisha itazame tena kutoka pale pale ulipokaa. Kama meli imesogea mbele ya nguzo, itapita mbele yako. Kama imerudi nyuma ya nguzo, itapita nyuma yako. Lakini kama imebaki palepale kwenye nguzo huku inazidi kuwa kubwa, mnaelekea kugongana. Mwenye dira atumie dira badala ya nguzo, kwani dira haipotoshwi na boti kuyumba. Na hata meli ikionekana kusogea kidogo, usijiamini ikiwa ni kubwa sana au iko karibu. Urefu wake ni mkubwa na mkia wake unaweza kukufikia.

Ukishajua kwamba mnaelekea kugongana, fanya mambo matatu. Kwanza, chukua hatua mapema, wakati bado kuna nafasi. Pili, hatua iwe kubwa na ya kuonekana. Kugeuza kidogo kidogo humchanganya nahodha wa meli, asijue unataka nini. Tatu, pita nyuma ya meli. Punguza mwendo, subiri, au geuza uelekee tezi yake. Usikate mbele kwa kuwahi. Kupita nyuma kunakugharimu dakika chache tu za mafuta, lakini kukata mbele kunaweza kukugharimu hekta nzima.

Mlango wa Dar es Salaam

Mfano mzuri kwa nchi yetu ni mlango wa bandari ya Dar es Salaam. Ni mwembamba, na ndani yake hukutana kila aina ya chombo. Zipo meli za mizigo zinazoongozwa na rubani wa bandari na kusaidiwa na tagi. Zipo boti za kasi za abiria za Zanzibar. Yapo majahazi ya mizigo. Zipo ngalawa na boti za wavuvi zinazoingia soko la samaki la Feri. Na katikati ya yote hayo pantoni za Magogoni na Kigamboni zinakingama mkondo kwenda na kurudi, asubuhi hadi usiku. Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016 limepunguza magari, lakini kivuko bado kinafanya kazi.

Mwenye chombo kidogo anayepita hapo azijue tabia za pantoni. Ya kwanza ni kwamba pantoni nyingi hazina mbele wala nyuma. Zina mlango wa magari pande zote mbili na huweza kuondoka kuelekea upande wowote bila kugeuka. Usidhani kwamba kwa kuwa "imekupa mgongo" basi ni salama kukaa pale. Ya pili, pantoni ikiwa imeegesha na mlango umeshushwa, mara nyingi injini inaendelea kuzunguka ili iibane ukingoni. Maji yanayosukumwa na panga lake yana nguvu ya kugeuza mtumbwi. Pita mbali nayo. Ya tatu, pantoni ikiondoka ina abiria na magari, na nahodha wake anatazama meli kubwa zaidi kuliko anavyokutazama wewe. Mpishe.

Kanuni ya busara katika mlango huo ni kutembea kandokando ya mkondo, nje ya maboya pale kina kinaporuhusu, upande wako wa kulia. Ukilazimika kuvuka, vuka kwa mkato wa moja kwa moja kama mtu anayevuka barabara kuu. Usivuke kwa mshazari, maana utakaa njiani muda mrefu. Angalia pia maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa au kupwa, mkondo wa mlangoni huwa na nguvu na unaweza kukusukuma kuelekea pantoni au meli iliyotia nanga huku wewe ukidhani umetulia. Kwa sababu hiyo meli iliyotia nanga pita nyuma yake. Ukipita karibu na omo, maji yanaweza kukubana kwenye mnyororo wake.

Mwenye tanga ana hatari moja zaidi. Meli kubwa ikipita upande unaotoka upepo, inauziba kama ukuta wa ghala. Tanga linalegea, usukani unakuwa mzito, chombo kinasimama. Meli ikishapita upepo unarudi kwa kishindo na kulipiga tanga ghafla. Mashua iliyojaa mzigo inaweza kulala. Ukiona meli inakuja upande huo, ongeza umbali na weka mtu tayari kwenye kamba ya tanga ailegeze upesi.

Boti za kasi na mawimbi yake

Ukitoka nje ya mlango kuelekea Zanzibar, tatizo ni kasi. Boti ya abiria inayokwenda maili 30 za bahari kwa saa inakata kilomita 55 hivi kwa saa, yaani mita 15 kila sekunde. Mashua yenye tanga ikienda vizuri hufanya mita mbili kwa sekunde. Chukulia unataka kukatiza njia ya mita 300. Utatumia dakika mbili na nusu. Katika muda huo boti ya kasi imekwenda zaidi ya kilomita mbili. Kwa hiyo ile boti uliyoiona kama kidoa cheupe wakati unaanza kuvuka, ukifika katikati ipo juu yako.

Hata ikipita mbali, kazi haijaisha. Mawimbi yake huchelewa. Yanaweza kukufikia dakika kadhaa baada ya boti yenyewe kupita, wakati watu wameshasahau na mmoja amesimama anakunywa chai. Mawimbi hayo huongezeka kimo yakifika penye maji machache karibu na ufukwe au fungu la mchanga.

Namna ya kuyapokea ni kuyaelekezea omo, kwa mshazari kidogo, na kupunguza mwendo. Yakikupiga ubavuni, boti hulala, magunia hutelezea upande ulioinama, na boti haiinuki tena. Kwa hiyo magunia yapangwe chini, yabanwe yasiwe na nafasi ya kucheza, na yafungwe kamba. Watu wakae, wasikimbilie upande mmoja kutazama.

Tuseme wazi kuhusu lumbesa. Mkulima amelalamika miaka mingi dhidi ya lumbesa sokoni kwa sababu humwibia. Basi asiikubali majini. Boti iliyozidishiwa mzigo imezama hadi maji yako kiganja kimoja kutoka ukingoni. Katika maji tulivu inakwenda, na mwenye boti atakuambia, "Kila siku tunapakia hivi." Ni wimbi moja tu la meli ndilo litakaloonyesha kama alikuwa na haki.

Ziwa Nyasa nako kunabadilika

Msomaji wa Mbeya anayefanya biashara Kyela asidhani kwamba habari hizi ni za watu wa pwani. Bandari ya Itungi ndiko zilikojengwa meli za mizigo MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja ya tani 1,000, zilizoanza kazi mwaka 2017. MV Mbeya II, inayobeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilifuata mwaka 2021. Mwaka 2024 liliwekwa jiwe la msingi la bandari mpya ya Mbamba Bay, upande wa Ruvuma. Upande wa Malawi nako kuna meli, ikiwamo MV Ilala ambayo imo ziwani humo tangu mwaka 1951. Meli zikiongezeka, mitumbwi na boti za Matema, Lupingu, Manda na Liuli zitakutana nazo mara nyingi zaidi kuliko walivyozoea wazee.

Ziwani kuna tofauti mbili za kuzingatia. Ya kwanza ni tishali linalovutwa. Ukiona chombo kidogo cha injini mbele na kikubwa kisicho na moshi nyuma yake, kati yake kuna kamba nzito ambayo huenda imezama kidogo chini ya maji. Usipite katikati kamwe. Ya pili ni gati na fukwe. Mahali ambapo meli haifiki ufukweni, boti ndogo huifuata ili kuteremsha abiria na magunia. Haraka ya kugombea abiria ndiyo inayoleta ajali. Usiisogelee meli kabla haijasimama kabisa na kutia nanga, usikae chini ya tezi yake, na mfikie ubavuni upande ambao hauna upepo wala mawimbi.

Mwera nao si wa kudharau. Julai 1946, meli ya abiria MV Vipya, ambayo ilikuwa mpya kabisa, ilizama katika ziwa hilo kwenye upepo mkali na watu 145 wakafa. Kama meli ilishindwa, mwenye mtumbwi asione aibu kusubiri ufukweni siku mbili.

Usiku na ukungu

Ushauri wa kwanza wa usiku ni kutosafiri. Wanaolazimika wajue kusoma taa. Kila chombo cha injini kinachotembea huwa na taa nyekundu upande wa kushoto, ya kijani upande wa kulia na nyeupe juu. Ukiona nyekundu peke yake, unaona ubavu wake wa kushoto, kwa hiyo kinaelekea kushoto kwako. Ukiona kijani peke yake, kinaelekea kulia kwako. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, kinakuja moja kwa moja kwako. Meli ya mita 50 na zaidi ina taa mbili nyeupe juu, ya mbele ikiwa chini kuliko ya nyuma. Taa hizo zikipangana wima, moja juu ya nyingine, ondoka hapo mara moja.

Wewe nawe uonekane. Kanuni zinamruhusu mwenye kasia, au mwenye tanga lisilofika mita saba, kutumia tochi au taa nyeupe, mradi aiwashe mapema kabla ya hatari. Tochi yenye betri mpya na nyingine ya akiba ni bei ya kilo chache tu za mchele. Ukiona meli, limulike tanga au turubai jeupe ili liwake, na elekeza mwanga upande wa meli bila kuwamulika manahodha machoni mfululizo. Ili rada ikuone, fundi bati anaweza kukuunganishia vipande vitatu vya bati bapa vinavyokutana kwa pembe mraba. Kipandishe juu ya mlingoti.

Wasafirishaji wanaotumia bandari bubu usiku bila taa ili kukwepa ushuru wafahamu kwamba wanakwepa pia macho ya yule anayeweza kuwagonga. Na wakigongwa, hakuna anayejua kwamba walikuwa njiani.

Sauti ya honi ina maana

Honi ya meli ni lugha. Mlio mfupi mmoja maana yake ni "nageuza kulia." Miwili, "nageuza kushoto." Mitatu, "injini yangu inarudisha nyuma." Mitano au zaidi ya haraka haraka maana yake ni "sielewi unachofanya, kuna hatari." Ukisikia mitano, usikae kuuliza anapigiwa nani. Angalia pande zote na uondoke kwenye njia ya meli. Katika ukungu au mvua nzito, mlio mrefu mmoja unaorudiwa kila baada ya dakika mbili hivi ni wa meli inayotembea. Wewe piga filimbi au gonga sufuria, na nyamaza kila mara usikilize.

Mashine ikizimika njiani

Ajali nyingi za namna hii huanza na jambo dogo: mafuta yameisha, au yana maji, na mashine inazimika katikati ya mkondo. Ndiyo maana kabla ya kuingia njia ya meli, tanki liwe limejaa, kichujio kiwe kimesafishwa, na makasia yawe juu ya mzigo, si chini yake.

Ikizimika huku meli inakuja, usipoteze muda kuvuta kamba ya mashine mara 20. Watu wawili wapige makasia kwenda nje ya njia ya meli kwa mkato wa mraba. Usikimbie mbele yake kama kuku anayekimbizwa na gari. Wakati huohuo mwingine apunge nguo ya rangi kali, apige filimbi au amulike tochi. Mwenye redio ya upepo aite kwenye chaneli 16, ambayo ndiyo meli zote husikiliza. Na kama ni lazima, tupa magunia. Tunajua neno hilo linavyouma kwa aliyelala shambani akifukuza ndege, lakini mpunga hupandwa tena.

Maswali ya mwenye mzigo

Wewe mkulima au mfanyabiashara si nahodha, lakini mzigo ni wako na maisha ni yako. Kabla ya gunia la kwanza kupakiwa, muulize mwenye boti maswali haya. Je, boti imekaguliwa na ina leseni? Kwa Bara mamlaka inayohusika ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), ambalo lilichukua kazi hiyo kutoka SUMATRA. Kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Je, yapo maboya ya kujiokolea kwa kila mtu, na yako mahali pa kufikika au yamefukiwa chini ya magunia? Je, makasia, nanga, tochi, filimbi na ndoo ya kukumbia maji vipo? Nani atashika usukani, na ameshapita njia hiyo mara ngapi? Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa siku hiyo unasemaje?

Kisha mwache mtu nchi kavu, ndugu au kuli unayemwamini, ajue mmeondoka saa ngapi, mko wangapi na mnatarajiwa kufika lini. Vaa boya lako tangu mnapoondoka. Kulitafuta wakati boti imeshalala ni sawa na kununua mbolea baada ya kuvuna.

Mwenye boti akikasirika kwa maswali hayo, umeshapata jibu. Lipe kampuni ya meli kubwa nauli ya mzigo, hata kama ni ghali kidogo, au gawa mzigo uende kwa safari mbili. Tofauti ya nauli itaonekana kubwa pale bandarini. Ukiilinganisha na mavuno ya hekta nzima, hutaiona.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mkulima wa Madibira hutazama mfereji kabla ya kufungua maji shambani, asije akazoa mbegu zake zote. Akifika Kigamboni au Itungi na magunia yake, atazame vilevile: meli iko wapi, inaelekea wapi, na yeye atapita wapi. Halafu asubiri ipite.